Jalada la Chiriku

Fundi wa makochi alikuwa na mtindo wake wa kazi. Kochi bovu likiletwa, hakulichana mpaka mwenye kochi awepo. Alimketisha mteja kwenye kigoda, akashika wembe, akapasua kitambaa mbele yake. Sponji iliyooza ikaonekana. Springi zilizolala zikaonekana. Mara zikatoka sarafu, mara vibanio vya nywele, na siku moja yalitoka meno ya bandia ambayo mzee wa watu aliyatafuta mpaka akakata tamaa.

"Kwangu hakuna siri," alikuwa akisema huku akipuliza vumbi. "Ukishaona cha ndani, hutabishana na mimi kuhusu cha nje."

Wateja walimpenda kwa hilo. Karakana yake ilikuwa kwenye kibaraza cha nyumba. Mumewe alikuwa mwoka mikate. Aliondoka kabla ya jua na kurudi mchana akinuka hamira, nywele nyeupe kwa unga kana kwamba amezeeka njiani. Hawakujaliwa mtoto wao wa kuzaa. Walikuwa na Chiriku.

Chiriku alikuwa mtoto wa marehemu dada yake fundi. Alisoma darasa la nne. Hilo halikuwa jina lake la shule, bali alipewa nyumbani kwa sababu ya mdomo. Aliongea akioga, aliongea akila, na akiachwa peke yake aliongea na makochi. Yeye alimwita fundi mama mdogo, na mwoka mikate akamwita baba mdogo.

Mtoto huyu alikuwa na kifafa. Alimeza kidonge asubuhi na kingine jioni, na vidonge vilimfaa. Alikuwa hajaanguka kwa muda mrefu. Waliojua ni wao watatu wa nyumbani, daktari, na mwalimu wa darasa, maana mwalimu lazima ajue la kufanya.

Wengine hawakutakiwa kujua. Katika shule yake ya zamani Chiriku alianguka mbele ya wanafunzi wote. Tangu siku hiyo walimpa jina baya, jina ambalo hakukubali kulitamka hata nyumbani. Walipohamia mtaa huu aliomba jambo moja tu. Aliomba hapa wasijue. Mama mdogo alimshika mikono yote miwili akamwahidi.

Basi hospitali ikataka karatasi. Mlezi anayetia sahihi kwa niaba ya mtoto lazima atambuliwe na mahakama. Shule nayo ikataka karatasi hiyo hiyo. Fundi akafunga karakana, akavaa gauni lake la safari, akaenda mahakamani kuomba ulezi.

Nje ya lango la mahakama kulikuwa na kibanda cha mpiga chapa. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia watu maombi na hati za kiapo, yaani karatasi ambazo mtu anaapa kwamba aliyoyasema ni kweli. Mpiga chapa alimuuliza fundi aandike nini. Fundi akafanya vile alivyozoea kufanya na makochi. Akafungua kila kitu. Akataja jina kamili la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, shule na darasa. Akataja mtaa na nyumba, namba za vitambulisho vyake na vya mumewe, mpaka namba ya akaunti yao benki. Mwisho akaambatanisha ripoti ya daktari, yote, na majina ya dawa.

Mpiga chapa akasita kidogo. Aliuliza kama hata hilo la ugonjwa liingie.

"Hata hilo," fundi akajibu. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Sitaki hakimu aseme nimemficha kitu."

Mpiga chapa analipwa kwa ukurasa, kwa hiyo hakubisha. Hakimu alisoma, akauliza maswali machache, akampa fundi ulezi. Siku hiyo baba mdogo alioka mkate mtamu, wakala wakashiba, na mambo yakaenda vizuri kwa muda.

Halafu siku moja Chiriku akarudi kutoka shule akiwa kimya. Alipita kibarazani bila salamu, akaingia ndani, akajilaza kifudifudi juu ya kochi la mteja. Fundi alidhani kapoteza kitu. Alimletea chakula, mtoto hakula. Alimbembeleza mpaka akachoka kubembeleza. Mwishowe Chiriku akageuka. Macho yalikuwa mekundu.

Akaeleza kwamba pacha wawili waliokuwa wakikaa naye dawati moja wamehamishwa. Mama yao ndiye alikuja shuleni kuomba wahamishwe. Watoto wanasema kifafa kinaambukizwa kwa mate. Hakuna anayetaka kukaa naye, na kikombe chake kimewekwa peke yake.

"Uliniahidi, mama mdogo," akasema.

Fundi aliapa kwamba hajamwambia mtu. Mtoto alimtazama tu. Fundi aliumia. Afadhali angempiga kofi kuliko kumtazama vile.

Asubuhi iliyofuata hakuwa na haja ya kufikiri sana. Waliojua walihesabika, na kati yao mwenye kinywa kule shuleni ni mwalimu. Alifika shule akiwa bado na aproni ya kazi. Alisema yote yaliyomjaa kifuani, na mengine hakujua kama yamo. Mwalimu wa darasa alikuwa mpole. Alimwacha amalize, kisha akamwomba kwanza ateremshe nyundo. Fundi akatazama mkono wake. Kumbe alikuja na nyundo tangu nyumbani. Akaitia mfukoni kwa aibu.

Mwalimu akamweleza kwa utaratibu. Yeye hajamwambia mtu, hata mwalimu mwenzake. Lakini alimuuliza mama pacha habari hizi kazitoa wapi, na mama pacha hakuficha. Alikwenda mahakamani kufuatilia kesi yake ya kiwanja. Pale ukumbini zimewekwa kompyuta ili watu wajisomee majalada ya kesi. Foleni ilikuwa ndefu. Kwa kuua muda, akaandika majina ya watu anaowafahamu, mmoja baada ya mwingine, aone nani ana kesi gani. Alipoandika jina la fundi, likaja jalada zima.

Fundi alirudi nyumbani polepole. Mumewe aliposikia, naye akakumbuka jambo. Kuna mtu alimpigia simu akiwa kazini, akijidai ni wa benki. Alimtajia namba ya kitambulisho na namba ya akaunti bila kukosea, akataka aambiwe namba ya siri. Kidogo tu angeambiwa. Kilichomwokoa baba mdogo ni kwamba mikono ilikuwa ndani ya unga, simu ikateleza, ikazama kwenye kinyunga. Wakati huo alicheka. Sasa hakucheka.

"Nakwenda," fundi akasema. "Nilichokipeleka mwenyewe nitakirudisha mwenyewe."

Masijala ni chumba kinachotunza majalada ya mahakama. Karani wake alikuwa mama mnene, mwenye miwani puani na sauti ya kukoroma, na wote walimwita Bi Muhuri. Alikuwa anagonga mihuri bila kutazama, na hakukosea hata mmoja. Fundi alimweleza shida yake. Bi Muhuri akanyanyuka kwa tabu, akampeleka ukumbini kwenye kompyuta, akamwambia aandike jina lake.

Fundi akaandika kwa kidole kimoja. Jalada likafunguka. Jina la Chiriku lilikuwepo. Shule ilikuwepo. Nyumba yao ilikuwepo, na ripoti ya daktari ikiwa na kila neno. Nyuma yake kijana asiyemjua alikuwa akisubiri zamu, macho kwenye kioo. Fundi akakiziba kwa kiganja.

"Nani kaweka mambo haya hapa?" akauliza.

"Wewe, mama," Bi Muhuri akasema.

"Mlipoyapokea hamkuyasoma?"

"Tunahesabu kurasa, tunaangalia sahihi, tunagonga muhuri. Kuchuja si kazi yetu. Anayeleta karatasi ndiye anayechuja. Tumeandika pale ukutani."

Fundi akatazama ukutani, hakuona kitu. Bi Muhuri naye akatazama, kisha akaenda akavuta mlango. Tangazo lilikuwa nyuma yake. Mlango ule haufungwi kamwe saa za kazi, kwa hiyo tangazo halijasomwa na mtu ila wafagizi. Bi Muhuri akakohoa. Akakiri kwamba hilo ni kosa lao.

Fundi akamwomba ayafute. Karani akatikisa kichwa.

"Siwezi. Na hata ningeweza, usingependa. Leo nikufutie wewe kwa kuwa una uchungu, kesho aje mkubwa na mfuko wake nimfutie na yeye."

Akavuta kiti, akaanza kumfafanulia. Alisema majalada yako wazi kwa sababu nzuri. Hakimu anaamua mambo ya watu kwa niaba ya watu, na watu wana haki ya kuona ameamuaje. Kesi ikiendeshwa gizani, mnyonge ndiye anayeumia.

"Lakini uwazi huu ni wa kazi yetu," Bi Muhuri akasema. "Sio wa chumba chako cha kulala."

"Mimi nilifundishwa kwamba mficha uchi hazai."

"Ni kweli. Lakini hata anayezaa hazalii sokoni. Anamfunulia mkunga."

Maneno yale yalimwingia fundi. Alikuwa amedhani mahakamani kuna masikio ya hakimu peke yake.

Bi Muhuri akaendelea, safari hii sauti imelainika. Alimweleza kwamba hakimu anaweza kujua yote bila dunia nzima kujua. Karatasi zinaandaliwa mara mbili. Nakala kamili inatiwa ndani ya bahasha iliyofungwa, na inasomwa na hakimu na wale alioruhusu tu. Nakala ya pili inachujwa, na hiyo ndiyo inayowekwa wazi. Katika nakala ya wazi mtoto anaandikwa kwa herufi za mwanzo za jina lake. Tarehe ya kuzaliwa inabaki mwaka. Namba ya kitambulisho inabaki tarakimu za mwisho. Shule na nyumba havitajwi. Mambo ya daktari yanakaa kwenye bahasha. Na namba ya akaunti haikuhitajika kabisa, kwa sababu hakuna aliyeiuliza.

"Andika ombi kwa hakimu," akamalizia. "Eleza mtoto anapata madhara gani. Omba pia jalada lisionekane kwenye kompyuta mpaka atakapoamua. Hilo la pili nitampelekea leo hii. Kila mahakama ina utaratibu wake, ndiyo maana ni vizuri kuuliza kabla ya kupeleka karatasi. Kuuliza si ujinga."

Kabla jua halijazama, jalada lilikuwa limeondolewa kwenye kompyuta kwa muda. Fundi alihakikisha mwenyewe kwa kidole chake kimoja. Lakini kazi ngumu ilikuwa nyumbani.

Alimkuta Chiriku ameketi kwenye sakafu ya kibaraza, anapanga misumari midogo. Fundi akaketi sakafuni naye. Angeweza kumlaumu mama pacha. Angeweza kuilaumu mahakama na mlango wake. Hakufanya hivyo.

"Aliyesema ni mimi," akamwambia. "Sikujua kwamba nasema. Niliwapa karatasi zako watu wote, nikidhani nampa mtu mmoja. Nisamehe, mwanangu. Ninazirudisha."

Chiriku alipanga misumari mpaka ikaisha. Kisha akauliza kama mama mdogo anaweza kuzirudisha kweli. Fundi akamjibu kweli tupu. Karatasi anaweza. Yaliyokwisha kusomwa, hapana, maana maji yakimwagika hayazoleki. Lakini bomba limezibwa kwa muda tu, na hilo atalifunga kabisa hata ikibidi alale kwenye benchi la mahakama.

Siku ya mapumziko ya baba mdogo walikaa mezani na nakala. Baba mdogo alijinunulia kalamu nene nyeusi, akaanza kufuta maneno kwa furaha kubwa. Alifuta jina, akafuta shule, akafuta nyumba, mpaka vidole vikawa vyeusi. Akainua ukurasa ajisifu. Chiriku akauchukua, akauweka kwenye mwanga wa dirisha.

"Yote yanasomeka, baba mdogo," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa baba mdogo baada ya siku nyingi, hivyo mzee hakujua anune au afurahi. Lakini ilikuwa kweli. Wino wa kalamu ulikuwa juu, na wino wa herufi ulionekana chini yake. Walikwenda kwa mpiga chapa. Yeye akasema atayafunika kwa mistari myeusi kwenye kompyuta. Fundi alikwisha kuuliza masijala kuhusu hilo. Aliambiwa kwamba mstari wa namna hiyo mara nyingine ni shuka tu, mjuzi akilivuta anaona kila kilicholala chini.

Basi akatoa wembe wake. Kuchana vitambaa ndiyo kazi yake. Alikata maneno yenyewe, moja moja, mpaka kurasa zikabaki na madirisha. Chini yake wakaweka karatasi nyeusi, wakatoa nakala. Pale palipokuwa na jina la Chiriku pakatoka kiraka cheusi. Chiriku akaiweka nakala kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku, akasema hapo sawa. Vile vipande vilivyokatwa alivichana mwenyewe, vidogo vidogo.

Ombi lilipelekwa. Hakimu alikuwa safarini. Fundi akarudi tena, akaambiwa hakimu ana kesi nzito. Akarudi tena. Wateja walilalamika kwamba makochi yao yanachelewa, naye aliwaambia wakae kwenye mikeka kwa muda, haijaua mtu. Hatimaye akaitwa ndani.

"Unataka kuficha nini, mama?" hakimu akauliza.

"Kwako sifichi, mheshimiwa. Wewe soma yote, bahasha hiyo hapo. Mtoto hana kesi na mtu. Kosa la kufunua ni langu, na anayeadhibiwa ni yeye. Naomba nimsitiri."

Hakimu alifungua bahasha, akasoma, akasoma na nakala yenye viraka. Akauliza mtoto anaendeleaje shuleni. Fundi akamweleza habari ya kikombe kinachowekwa peke yake. Hakimu alivua miwani, akaifuta kwa muda. Kisha akaandika amri. Nakala iliyochujwa iwe ndiyo ya watu wote. Kurasa za daktari zifungwe. Mtoto aitwe kwa herufi mbili. Na akamwambia Bi Muhuri abandike lile tangazo kwenye kompyuta zenyewe, juu, mahali ambapo hata asiyetaka kuona ataona.

Fundi alipita ukumbini akaandika jina lake kwa mara ya mwisho. Jalada lilikuwepo. Mtu angeweza kusoma kwamba mama fulani aliomba ulezi wa mtoto fulani, na kwamba hakimu aliukubali na kwa sababu gani. Zaidi ya hapo aliona mstari mmoja uliosema kurasa zimefungwa kwa amri ya mahakama. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi, akalia kidogo. Akajipangusa kwa kanga, akarudi kwenye makochi ya watu.

Tangu siku hiyo fundi akawa mtu wa kuuliza. Akipewa karatasi ya kujaza, ya shule, ya hospitali au ya serikali za mtaa, anauliza mambo matatu kabla hajashika kalamu. Hii itasomwa na nani? Hili mnalihitaji kweli? Likiwa la siri, linakaa wapi? Wengine walimwona msumbufu. Mpiga chapa hakumwona hivyo. Naye sasa anawauliza wateja wake maswali hayo hayo, ingawa kurasa zimepungua.

Ikabaki shule. Mwalimu wa darasa alitaka kumleta muuguzi awafundishe watoto kuhusu kifafa, bila kutaja mtu. Lakini hakumwita. Kwanza alikuja kibarazani akamuuliza Chiriku. Alimwambia kwamba akisema hapana, haji mtu. Chiriku akafikiri, akasema muuguzi aje.

Muuguzi akaja. Akaeleza kwamba kifafa hakiambukizi kwa mate, wala kwa kikombe, wala kwa kukaa dawati moja. Akaonyesha jinsi ya kumlaza ubavu mtu aliyeanguka na kumkinga kichwa. Akasisitiza kwamba mtu huyo hatiwi kitu chochote mdomoni. Akauliza nani ana swali. Chiriku akasimama.

Mwalimu ndiye aliyekuja kuwasimulia fundi na mumewe, jioni ile ile, kabla chai haijapoa. Alisema mtoto hakuwa na swali. Alisimama katikati ya darasa akawaambia kwamba yeye anacho hicho kifafa. Akawaeleza dawa anazomeza na saa anazomeza. Akawaambia wakimwona ameanguka wafanye kama muuguzi alivyosema, na wasimzunguke kama sinema. Mmoja wa pacha akauliza kama inauma. Chiriku akamjibu kwamba haumii, ila akiamka huwa amechoka na anapenda anyamaziwe kidogo. Darasa likacheka, maana hakuna aliyewahi kumwona Chiriku akipenda kunyamaziwa. Kesho yake pacha wakarudisha mifuko yao kwenye dawati lake. Mama yao alinung'unika, kisha akaacha.

Lakini jioni ile, mwalimu alipokwisha kuondoka, baba mdogo alibaki ameshika kikombe, mdomo wazi. Alikumbuka ile kalamu nyeusi, vidole vyake, wembe, na safari zote za mahakamani.

"Sasa mwanangu," akasema, "mama yako mdogo amehangaika kote huko kufunga jalada, halafu wewe unasimama unawaambia wote?"

"Mlinirudishia, baba mdogo," Chiriku akasema. "Likawa langu. Ndipo nikaweza kuwaambia."